Mwalimu Hajifunzi kwa Kuitwa Semina

Kila matokeo ya mitihani ya taifa yanapotoka na shule kadhaa zikashika mkia, kauli moja husikika kuanzia juu hadi chini: walimu hawajapata mafunzo. Mbunge huisema bungeni, mwandishi huiandika gazetini, mzazi huirudia kwenye kikao cha shule, na sisi walimu wenyewe huwa wa kwanza kuitikia. Dawa yake nayo inajulikana. Waitwe. Wapigwe msasa. Watoke vijijini waende makao makuu ya wilaya, wakae ukumbini siku kadhaa, wasikilize, waandike, wapewe cheti na nauli, warudi. Asiyeitwa huhesabiwa kuwa hakujifunza kitu mwaka huo, na yeye mwenyewe hujihesabu hivyo hivyo.

Ninaandika kuipinga imani hiyo. Zipo semina zilizonisaidia, na sitazikana. Ninalolipinga ni wazo ambalo imani hiyo imelikalia, kwamba maarifa ya kufundisha yako juu kwa wataalamu, na mwalimu yuko chini akingoja kuteremshiwa. Wazo hilo limewafanya wengi wasione mahali ambapo walimu wa nchi hii hujifunza kweli wiki hata wiki, yaani kwa walimu wenzao, na siku hizi kwa sehemu kubwa kupitia simu zao. Wanapopatupia jicho mahali hapo, wanachokiona hukiita uvivu. Mwalimu akionekana ofisini ameinamia simu, anayepita dirishani huamua papo hapo kwamba muda wa serikali unapotea.

Nitoe mfano wa kitu kinachoonekana kwa macho. Mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule ya kijijini anasahihisha madaftari ya Hisabati. Mtoto mmoja ameandika 52 − 27 = 35. Chini yake, 81 − 46 = 45. Chini yake tena, 63 − 38 = 35. Mwalimu ameshaeleza na kurudia, na mtoto ameendelea vilevile. Jioni anaupiga picha ukurasa ule na kuuweka kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa Hisabati, lenye watu wa mikoa mbalimbali, anauliza: huyu nimfanyeje?

Jibu la kwanza ni lile tunalolitoa wote tukiwa tumechoka: mpe mazoezi zaidi. La pili linatoka kwa mwalimu wa mkoa mwingine ambaye hawajawahi kuonana. Anamwambia asimpe mazoezi kwanza, ampe swali moja tu, 50 − 27, kisha awaeleze mtoto ameandika nini. Kesho yake mtoto anaandika 37. Hapo kundi zima linaelewa. Mtoto huyu hakubahatisha hata jibu moja. Ana kanuni yake aliyojitungia, na anaifuata kwa uaminifu: katika kila safu, toa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iliyo juu na iliyo chini hazina tofauti. Kama angeandika 30, tungejua ana kanuni nyingine kabisa, kwamba sifuri haina cha kutoa, kwa hiyo iandikwe sifuri. Hayo ni makosa mawili yenye tiba mbili, na mazoezi zaidi yangeyakomaza yote mawili. Mwalimu mwingine anashauri vijiti vilivyofungwa kumi kumi, mtoto afungue fungu moja kwa mkono wake aione 52 ikigeuka makumi manne na mamoja kumi na mawili. Mwingine anashauri azoeshwe kuhakiki kwa kujumlisha: 35 na 27 ni 62, na sisi tulianza na 52, basi kuna mahali pameharibika.

Kosa hilo halikugunduliwa na kundi letu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchambuzi wa makosa ya watoto katika hesabu za kutoa, wakaonyesha kwamba mengi yake yana utaratibu ndani yake. Mwalimu wetu wa kijijini hakupata kuwasoma. Alipata maarifa yale yale kutoka kwa mtu aliyekwisha kulikuta kosa hilo darasani kwake, akahangaika nalo, akalishinda. Tena aliyapata usiku, akayatumia asubuhi yake, kwa mtoto anayemjua jina.

Mtaalamu wa elimu Lee Shulman aliandika mwaka 1986 jambo ambalo kila mwalimu mzoefu hulijua mwilini mwake. Kulijua somo ni jambo moja. Kujua mbinu za kufundisha kwa ujumla ni la pili. Liko la tatu, nalo ndilo linalomtenga mwalimu na msomi mwingine yeyote: kujua mada hii hasa huwashinda watoto wapi, kwa nini huwashinda hapo, na ni mfano gani, swali gani au mchoro gani huifungua. Semina zetu nyingi hushughulika na lile la pili karibu peke yake. Tunaandika kwenye bango kitita maneno kama mbinu shirikishi, ujenzi wa umahiri na tathmini endelevu. Tunagawanywa vikundi, tunawasilisha, tunapigiana makofi. Mwezeshaji hana kosa. Mada aliandikiwa kabla mtoto yeyote hajakosea, na hawezi kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Uangaliwe pia mwendo wenyewe wa mafunzo haya ya ngazi kwa ngazi. Wawezeshaji wa kitaifa huwafundisha wa mikoa, wa mikoa huwafundisha wa halmashauri, wa halmashauri huwaita walimu wawili kutoka kila shule, na hao wawili wanatakiwa warudi wawafundishe wenzao kwa saa moja ya mchana, watu wakiwa na njaa na madaftari ya kusahihisha mezani. Kule juu palikuwa na mtu anayeweza kuulizwa na akajibu. Huku chini panabaki vichwa vya habari vilivyonakiliwa haraka. La kusikitisha zaidi ni kwamba njia hiyo ina upande mmoja tu. Swali la mwalimu wa kijijini halina pa kupandia. Waliotunga mafunzo watafunga mwaka bila kujua kwamba ukurasa fulani wa mwongozo wao hauelekezi.

Afrika Kusini walilipima jambo hili kwa makini, katika shule za Jimbo la North West ambako watoto husoma kwanza kwa Kitswana. Kundi moja la walimu liliitwa kwenye mafunzo ya pamoja kituoni. Kundi la pili lilipewa vitabu na maandalio yale yale, lakini badala ya kuitwa, lilitembelewa darasani na mlezi wa kitaalamu aliyewaona wakifundisha na kuzungumza nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: maendeleo ya kusoma ya watoto wa walimu waliotembelewa yalikuwa karibu mara mbili ya yale ya watoto ambao walimu wao waliitwa. Zana zilikuwa zile zile. Kilichotofautiana ni mahali mazungumzo yalipofanyika, na kama yalimhusu mtoto aliyeko mbele ya mwalimu au mtoto wa kufikirika.

Sasa imani hii ya zamani imepata vazi jipya. Baada ya kuambiwa kwamba semina ni ghali, wakubwa wengi wamekubali kwamba mwalimu anaweza kujifunza kwa mtandao, lakini wanachokiona akilini ni semina ile ile iliyohamishiwa kwenye skrini. Mwalimu ajisajili, asome moduli, ajibu maswali ya kuchagua, apakue cheti. Mpango wa kitaifa wa Tanzania, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaojulikana kama MEWAKA, una wazo bora kuliko hilo. Unao mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini kwa maandishi yake unataka pia walimu wakutane katika jumuiya za kujifunza ndani ya shule na katika klasta za shule jirani, wajadili kazi yao. Nauunga mkono kwa moyo wote. Hofu yangu ni ile sehemu inayohesabika kirahisi. Idadi ya waliojisajili inapatikana kwa kubonyeza, na idadi ya vyeti pia. Mazungumzo ya walimu wanne juu ya daftari moja hayana pa kujazwa kwenye fomu, na kisichojazwa kwenye fomu husahauliwa, hata kama ndicho kilichokusudiwa.

Kenya iliingia kwenye mgogoro wa namna yake. Mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilizindua mpango wa lazima wa kuwaendeleza walimu kitaaluma, na walimu wakatakiwa kuugharamia wenyewe, shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka, kupitia vyuo vilivyoteuliwa. Vyama vya walimu viliupinga, na vilikuwa na haki. Mfanyakazi aliyekwisha kusomea kazi yake hatakiwi kuinunua tena kila mwaka. Lakini hata kama ada ingefutwa yote, swali langu lingebaki: ndani ya moduli hizo, mwalimu anazungumza na nani?

Wapo watakaosema kwamba kujifunza kwa mbali ni mambo ya wageni yaliyoletwa na kampuni za simu. Hao wamesahau historia ya nchi yao. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili Tanzania Bara. Haikufanikiwa kwa sababu redio ilikuwa na sauti tamu. Ilifanikiwa kwa sababu watu walikaa vikundi vikundi, wakiwa na kijitabu na kiongozi aliyeandaliwa, wakasikiliza pamoja, wakabishana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka majani. Mwaka uliofuata Azimio la Musoma likaamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo Novemba 1977, na walimu hawakuwepo. Vyuo vya ualimu havikuweza kuwatoa kwa kasi hiyo. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa humo humo shuleni, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa wakufunzi waliowafikia huko huko waliko. Zaidi ya walimu 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Walibezwa sana, na ni kweli kwamba haraka ile ilikuwa na gharama zake. Lakini madarasa ya nchi nzima yalifunguliwa na wao, na wengi wetu tulioshika chaki baadaye tulifundishwa herufi ya kwanza na mmoja wao.

Ninaikumbusha historia hiyo kwa sababu inazijibu pande zote mbili. Anayesema mafunzo lazima yawe ukumbini, ajue kwamba taifa hili lilijenga walimu kwa redio na bahasha. Anayesema mfumo wa mtandao peke yake unatosha, ajue kwamba redio haikuachwa peke yake hata siku moja. Palikuwa na watu wameizunguka.

Na watu hao ndio hasa ninaowapigania. Dan Lortie, katika kitabu chake Schoolteacher cha mwaka 1975, aliwaeleza walimu wa Marekani kama watu wanaofanya kazi kila mmoja nyuma ya mlango wake, wasiokuwa na nafasi ya kuonana wakifundisha. Kwetu upweke huo ni mkali zaidi. Shule ya kijijini inaweza kuwa na mwalimu mmoja tu wa Sayansi kwa madarasa ya juu. Tangu ada ya shule ilipofutwa, madarasa ya watoto zaidi ya mia si ajabu. Mwalimu kijana anapangiwa huko akitoka chuoni, na tangu siku ya kwanza hana mtu wa somo lake wa kumwuliza hata jambo dogo. Kwa mtu huyo kundi la simuni ndiyo ofisi ya walimu wa somo lake. Hana nyingine.

Lakini hapa lazima nitenganishe makundi mawili ambayo watu huyachanganya, na kuchanganya huko ndiko kunakoharibu mjadala. Lipo kundi la shule au la kata. Mwalimu Mkuu yumo, Afisa Elimu Kata yumo, pengine na watu wa halmashauri wamo. Humo hupita maagizo: takwimu zinahitajika kabla ya saa sita, kesho kuna kikao, kuna mgeni anakuja, kuna mchango wa msiba. Majibu yote ni ya namna moja: tumepokea. Hakuna mwalimu atakayeandika humo kwamba amefundisha sehemu wiki nzima na darasa halikuelewa. Anajua nani anasoma. Anajua pia kwamba sentensi hiyo inaweza kumrudia siku utendaji wake unapopimwa. Kiongozi anayelitazama kundi hilo na kusema walimu hawajadili taaluma mtandaoni anasema kweli kuhusu kundi lake, na ukimya wa kundi hilo unatokana na yeye kuwemo.

Kundi la pili ni la walimu wa somo moja, walio shule tofauti, ambao hakuna aliye na mamlaka juu ya mwenzake. Humo utakuta kijana anaanza na "Shikamooni walimu wangu, naomba msaada," kisha anaweka tatizo lake bila kulivisha nguo. Nimeona humo mwalimu akieleza kwamba darasa lake lote limejumlisha ½ na ⅓ likapata ⅖, yaani limejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Wengi walimwambia awafundishe tena kutafuta asili inayolingana. Mama mmoja mstaafu, ambaye wote humwita Mwalimu bila jina, alimtumia ujumbe wa sauti. Alimwambia asiguse kanuni kwanza. Awape watoto vipande vya karatasi vya urefu mmoja wavikunje, kimoja nusu, kingine sehemu tano, kisha awaulize: ⅖ ni kubwa au ndogo kuliko ½? Wakiona kwamba ni ndogo, awaulize inakuwaje mtu aanze na nusu, aongezewe kitu, abaki na pungufu ya nusu. Kijana alirudi kueleza kilichotokea darasani, pamoja na mahali ambapo zoezi lilikwama kwa sababu sehemu tano hazikunjiki kirahisi kama nne. Wengine wakapendekeza kuchora mstari wa sentimita kumi badala ya kukunja. Siku hiyo somo la sehemu liliboreka katika shule nyingi kwa pamoja, na hakuna ofisi iliyojua.

Hayo ndiyo mafunzo kazini. Yana swali la kweli, yana mtu anayejibu kwa uzoefu, yana jaribio darasani, yana marejesho, na yana marekebisho ya ushauri wenyewe. Wajapani wana utamaduni wa miaka mingi wa walimu kuandaa somo pamoja, mmoja akalifundisha wenzake wakitazama, kisha wote wakakaa kulichambua. James Stigler na James Hiebert waliueleza kwa wasomaji wa Kiingereza mwaka 1999 na dunia ikashangaa. Sisi tunakwenda kusoma habari zake kwa heshima, kisha tunawakataza walimu wetu simu ofisini.

Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutekelezwa, Darasa la Kwanza na la Tatu yakiwemo, thamani ya makundi haya ilidhihirika. Wapo walioitwa kwenye mafunzo na wapo ambao hawakuitwa, na watoto wa wote wawili waliingia darasani asubuhi moja. Aliyeitwa aliweka picha za daftari lake. Asiyeitwa aliuliza. Aliyejaribu somo Jumatatu alimwonya wa Jumatano. Sikusikia mtu akilihesabu hilo kama mafunzo.

Sasa nijibu yanayosemwa dhidi ya makundi haya. Husemwa kwamba walimu watapotoshana. Hutokea. Nimeshuhudia mabishano makali kuhusu kama 1 ni namba tasa, na wapo walioapa kwamba ni tasa kwa sababu haigawanyiki kwa kitu kingine. Ilipoelezwa kwamba namba tasa ina vigawo viwili, 1 na yenyewe, na kwamba 1 ina kigawo kimoja tu, mabishano yalikwisha na wengi walikiri kwamba ndivyo walivyokuwa wakifundisha. Kosa hilo lilikuwemo madarasani kabla ya kundi kuwepo. Kundi lililitoa mwangani, likasahihishwa mbele ya watu. Makosa yanayoteremka kwa ngazi za semina hayana wa kuyasahihisha. Ikiwa wakuza mitaala wanaogopa upotoshaji, waingie kwenye makundi kama walimu wenzetu, wajibu na waulize.

Husemwa pia kwamba makundi ni masoko ya maazimio ya kazi na maandalio ya somo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo mwalimu hununua, hubadilisha jina la shule na kuyachapa. Hili ni kweli kabisa, na linaniumiza. Linaua fikra ya mwalimu. Lakini tujiulize linatokana na nini. Mwalimu hununua kile anachodaiwa. Anapokaguliwa huombwa karatasi iliyojazwa safu zote, na karatasi ikikamilika amepona. Hakuna anayemwuliza kwa nini alichagua mfano huu na kuuacha ule. Palipo na ukaguzi wa karatasi, biashara ya karatasi itastawi, simu ziwepo zisiwepo. Kabla ya simu tulikuwa tukinakili maandalio ya miaka iliyopita kwa mkono.

Hoja ya gharama ndiyo yenye uzito wa kweli. Mwalimu hununua bando kwa mshahara wake. Anaye mwenzake asiyekuwa na simu janja, anaye mwingine ambaye lazima apande kilima kupata mtandao, na wapo ambao umeme haujawafikia nyumbani. Mwalimu mwanamke mwenye watoto wadogo hushika simu saa nne usiku, kazi zote za nyumba zikiwa zimekwisha, na hapo ndipo anapoanza kujifunza bila malipo kwa ajili ya mwajiri wake. Wanaolitaja hili kama sababu ya kurudi kwenye semina wanaligeuza kichwa chini miguu juu. Serikali na wafadhili hulipa ukumbi, posho, nauli, chai na karatasi kwa ajili ya siku chache za mwalimu mmoja kati ya wengi. Fedha zikipatikana kwa hayo, zipatikane kwa bando la mwalimu na kwa saa yake. Vituo vya walimu vipo katika kata nyingi, na vingine milango yake hufunguliwa kwa vikao tu. Umeme wa jua, intaneti na kompyuta chache hapo vingewahudumia walimu wa shule zote za jirani, wakiwemo wasiokuwa na simu.

Imebaki hoja moja, na ninaiheshimu kuliko zote. Wale wale watafiti wa Afrika Kusini walifanya jaribio jingine, safari hii katika Jimbo la Mpumalanga, katika kufundisha Kiingereza. Walimu wengine walipata mlezi aliyewatembelea, wengine wakapata mlezi wa kuwasiliana naye kwa vifaa vya kielektroniki tu. Baada ya miaka mitatu, kutembelewa kulishinda waziwazi: watoto wa walimu waliofikiwa kwa mbali walinufaika katika kuzungumza Kiingereza, lakini si katika kusoma. Kwa hiyo, atasema mpinzani wangu, mtandao umeshindwa.

Nayakubali matokeo hayo yote. Hakuna picha ya daftari inayoweza kumwonyesha mtu sauti ya darasa, nani ananyamaza nyuma, na mwalimu hugeukia ubao kwa muda gani. Ningepewa uchaguzi kati ya mlezi mzuri anayekuja darasani kwangu na kundi lolote la simuni, ningemchagua mlezi. Lakini uchaguzi huo haupo mbele ya walimu wengi wa Tanzania. Anayewatembelea mara nyingi huja kukagua, na huja kwa nadra. Kenya ilipotekeleza mpango wa Tusome kwa nchi nzima kuanzia 2015, iliwapa maafisa wanaosaidia mitaala vishikwambi, nao wakavitumia wakiwa wamekaa ndani ya darasa wakimsikiliza mwalimu na watoto wakisoma. Kifaa na ujio vilikwenda pamoja. Fundisho ninalolipata ni kwamba kinachoanzia kwenye simu lazima kimalizikie darasani mbele ya jicho la mwenzako. Mwalimu wa Darasa la Nne anayo njia rahisi: ushauri alioupata jana usiku aujaribu leo, na mwalimu wa Darasa la Tano akae nyuma amtazame. Hatua hiyo haihitaji nauli wala mgeni rasmi. Inahitaji ratiba inayowaruhusu, na Mwalimu Mkuu asiyeona kwamba mwalimu aliyekaa nyuma ya darasa la mwenzake amekimbia kipindi.

Hapo ndipo ninapotaka mabadiliko yaanzie, kwa kuwa hayangoji bajeti ya mwaka ujao. Ratiba ya shule ina nafasi ya usafi, ya michezo, ya dini. Itengwe saa moja ya wiki ambayo walimu wataketi na daftari la mtoto mezani, simu zikiwa mkononi kwa ruhusa, na kiongozi wao akiwemo kama mwalimu mwenye somo lake au asiwemo kabisa. Saa hiyo iandikwe kuwa ni kazi na ilindwe dhidi ya vikao vingine. Na Mthibiti Ubora wa Shule atakapofika, baada ya kuomba azimio na andalio kama utaratibu unavyomtaka, amwulize mwalimu maswali matatu: mwezi huu darasa lako limekwama wapi, umemwuliza nani, na ulipojaribu alichokuambia kilitokea nini? Mwenye majibu aandikwe kuwa amepata mafunzo, hata kama hajawahi kuvuka mpaka wa kata yake. Mwenye faili lililojaa vyeti na asiye na la kujibu, apangiwe wiki hiyo hiyo kukaa kwenye darasa la mwenzake.